Siku Nilipoukataa Msumeno wa Mwenye Nyumba

Ndugu zangu, mkipita vijiji vya njia ya Bagamoyo kwenda Msata mkawasikia akina mama wakimtaja Bwana Gogo huku wakishika mbavu kwa kicheko, msisumbuke kuuliza ni nani. Ni mimi huyu, na nimeona afadhali mkasa wenyewe muusikie kwangu kuliko kwao, maana wao wakiusimulia huongeza na mlio wa mashine kwa midomo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nimepangiwa kazi ya maendeleo katika kijiji kimoja cha ujamaa nje ya Bagamoyo mjini, na moyoni mwangu hapakuwa na nafasi ya jambo jingine ila kumpunguzia mwanamke wa kijijini mzigo wake. Niliwaona akina mama wakiondoka na mashoka tangu alfajiri na kurudi jua la utosi na kuni kichwani, nikaapa kwamba hali hiyo haitaendelea nami nikiwa pale nimekaa tu. Kwa hiyo korosho za shamba la pamoja zilipouzwa, nilisimama mkutanoni nikahutubia mpaka sauti ikakauka, na wanakijiji wakakubali (nadhani wengine walikubali ili niketi) kwamba kikundi cha akina mama kinunuliwe msumeno wa mashine, ule wenye mnyororo wa meno unaozunguka kwa injini.

Tulikwenda Dar es Salaam watu watatu: mimi, Mzee Shomari ambaye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na Bi Mwanahawa, kiongozi wa akina mama wa kuni. Muuza duka akatuwekea mezani misumeno miwili.

"Huu mkubwa ni wa watu wa kazi," alisema, "wale wanaoangusha miti msituni kutwa nzima. Huu mdogo ni wa mwenye nyumba, mtu anayekata kuni zake nyuma ya jiko, basi. Nyinyi mnataka wa nini?"

"Wa kuni," alijibu Bi Mwanahawa, akanyoosha mkono. "Hebu niushike huo mdogo nione uzito wake."

Hapo ndipo nilipoingilia kati. Nilikuwa nimekwisha kuona yote kwa macho ya fikra: mtu mmoja, ndani ya ua wake, anakata kuni zake, za jiko lake, kwa ajili ya tumbo lake. Je, kijiji kizima kilichovuna kwa pamoja kirudi nyumbani na chombo cha ubinafsi?

"Mama," nilisema kwa upole wa mtu mwenye hakika, "huo ni msumeno wa mtu aliyejitenga na wenzake. Sisi ni wafanyakazi, na huu mkubwa ndio wa wafanyakazi."

"Kwani kuni zina siasa?" aliuliza Mzee Shomari.

"Kila kitu kina siasa, mzee."

"Haya. Basi huo mkubwa niushike," alisema Bi Mwanahawa.

"Utaushika kijijini, mama. Niamini mimi."

Nilidhani nimeonyesha adabu, kumzuia mama wa makamo asinyanyue kitu kizito mbele ya watu dukani, wala haikunipitia akilini kwamba ni yeye huyohuyo niliyekuwa namnunulia akinyanyue kila siku.

Maulidi ya kijiji yalikuwa yamekaribia, na wageni wangetoka Dunda, mtaa wa Bagamoyo, wazee wa mjini wenye heshima zao. Akina mama walitaka kuanza kukusanya kuni kama ilivyo desturi, kidogo kidogo, ili siku ikifika rundo liwe tayari. Nikawakataza! Nilitangaza kwamba asiende mtu porini, kuni zote za pilau zitakatwa asubuhi ya maulidi yenyewe, mbele ya wageni, wapate kujionea kijiji kinachojitegemea kikoje.

Asubuhi ikafika. Mbuzi walikuwa wamechinjwa, mchele umerowekwa, masufuria yako juu ya mafiga, na chini ya mafiga hapakuwa na hata kijiti. Wageni walishuka kwenye lori wakiwa na kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, nami (nikiwa katika kanzu yangu iliyotiwa wanga ikasimama kama karatasi) nikawasogezea mabenchi karibu, waone vizuri. Mzee mmoja aliuliza kama si karibu mno. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikuwa nimepanga mkato wa kwanza uwe wa Bi Mwanahawa, kwa heshima ya akina mama wote. Akauinua msumeno hadi magotini, akausikilizia mgongo wake, kisha akaushusha taratibu.

"Mwanangu," alisema, "mtoto huyu kashiba nini?"

Watu walicheka. Nami nikacheka, nikapandisha kanzu kiunoni, nikaanza kuvuta kamba ya kuuwasha. Nikavuta. Nikavuta tena. Jasho likanishuka na wanga ukaanza kulainika.

"Mbembeleze, Bwana Maendeleo, pengine bado amelala!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma.

Kisha ukanguruma, na watoto wakakimbia, na mimi nikauelekeza kwenye matawi ya mkorosho niliyoandaliwa, nisijue kwamba mnyororo ule uliotengenezwa kwa ajili ya miti mizima hauna subira na matawi: tawi la kwanza liliruka, likapiga kifuniko cha sufuria kwa kishindo ambacho wapishi wanakiiga mpaka leo. Mtu mwenye akili angezima mashine. Mimi nilipaza sauti kwamba msumeno huu si wa vijiti, nikaliendea gogo la mkwaju lililokuwa limelala juu ya mtaro kando ya barabara, kichwa ng'ambo hii na shina ng'ambo ile, nikaanza kulikata katikati kutokea juu.

Lilikatika vizuri sana mpaka nusu, nakuambieni kweli. Ila nilikuwa nimejaza mafuta ya mnyororo mpaka yakafurika, na mnyororo ukizunguka kwa kasi ile huyarusha, na mbele yake ndipo nilipokuwa nimewapanga wazee wa Dunda.

"Lahaula!" Mzee yule aliyeuliza habari ya mabenchi alisimama akijitazama madoa kuanzia kifuani hadi pindoni. "Tumealikwa maulidi au gereji?"

Niligeuka kuomba radhi, na katika kugeuka huko gogo likakaa chini kwa uzito wake, likaubana upanga wa msumeno kama mlango unavyobana kidole. Injini ikazima. Nikavuta, nikasukuma, nikaweka mguu juu ya gogo nikavuta kwa mwili wote, na msumeno wa wafanyakazi ukabaki umesimama pale kama tanga la jahazi lililokwama.

Mzee Shomari akanisogelea na kuninong'oneza, "Bwana Maendeleo, adhuhuri imekaribia, na mchele hauli hotuba."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kukata matawi yale kwa mashoka kungechukua kutwa, porini kulikuwa mbali, wageni walikuwa na njaa na madoa, na ikiwa kijiji kingewarudisha bila chakula, aibu isingekuwa yangu peke yangu. Ingekuwa ya kila nyumba, kwa miaka.

"Kila jiko lina vijinga viwili vitatu," alisema Bi Mwanahawa. "Nani atavifuata?"

"Mimi."

Bi Mwanahawa akavua kanga yake ya begani, akaisokota kata, akaniwekea kichwani palepale mbele ya wageni, mimi mwanamume wa chuo. Nikaenda. Nilipiga hodi nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ikanipa ilichokuwa nacho na maneno yake juu.

"Karibu, mke mwenzangu!" alinipokea mmoja.

Bibi mmoja alikichomoa kijinga chini ya chungu chake cha maharage, akakizima mchangani na kunitwika bado kinatoa moshi, akisema, "Chukua, mwanangu, ni cha mwenye nyumba, lakini kinawaka." Nilipita na mizigo mbele ya mabenchi mara sijui ngapi, shingo imekakamaa, masizi yamefunika mafuta, wala sikusimama mpaka moto ulipowaka chini ya kila sufuria. Pilau liliiva alasiri. Wageni walikula wakashiba.

Kesho yake akina mama waliukomboa msumeno kwa mashoka. Niliubeba mwenyewe hadi Dar, nikiwa na Bi Mwanahawa, na muuza duka akakubali kuubadilisha baada ya kuninunia kwa kitambo. Bi Mwanahawa akanyanyua ule mdogo, akaugeuza huku na huku, akasema, "Huu." Nami sikutia neno.

Niliapa siku ile, na kiapo changu nakishika, kwamba sitanunua chombo cha kutumiwa na mtu kabla hajakiinua kwa mikono yake. Gogo la mkwaju bado liko juu ya mtaro na mkato wake katikati, akina mama hulikalia wakingoja basi. Nikipita husogea, wananipangusia vumbi kwa kanga pale penye mkato, na kusema, "Karibu, Bwana Gogo, keti kwako."

Huwa naketi.