Lumbugu Ilipoingia Ndani

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa kibuyu kidogo cha maji, huko Ijumbi, enzi za Mwingereza, lumbugu ilipovamia kibanja chetu, shamba la migomba lililozunguka nyumba. Ni nyasi mbaya ile: ukiukata mzizi wake kwa jembe, kila kipande kinachipua. Baba alilima hadi viganja vikachubuka, na bado migomba ilizidi kudhoofika. Kwa jirani yetu, baba mdogo Rwegasira, hali ilikuwa hiyo hiyo. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani tangu babu alipofariki wakagombania mpaka.

Bibi, mama yao, aliamini kwamba lumbugu hulishwa na ugomvi wa ndugu.

"Endeleeni kununiana," alimwambia baba mbele yetu. "Itaingia ndani. Na ikiingia, haitoki bila kuondoka na mtu."

Baba alicheka. "Mama, nyasi haina masikio."

Asubuhi moja mama aliniita tubadilishe nyasi za kutandika sakafuni. Tulipozoa zile kuukuu, pale alipokuwa akilala mdogo wangu mchanga, udongo ulikuwa umepasuka na machipukizi meupe, yenye ncha kama sindano, yamesimama. Mama akamnyakua mtoto. Baba alikuja, akachutama, akayatazama kwa muda mrefu. Safari hii hakucheka. Akatoka, akavuka mpaka.

"Rwegasira!" nilimsikia akiita. "Njoo unisaidie. Imefika alipolala mtoto."

Baba mdogo alikuja. Waliufuata mzizi kwa vidole, kutoka ukutani hadi migombani, wakiulegezea udongo usikatike. Sisi watoto tulikuwa nyuma yao, tumeshikana mikono. Mzizi ulipita chini ya mpaka, ukaendelea hadi kwenye migomba ya baba mdogo. Ulikuwa mmoja tu, mweupe, mrefu kuliko nyumba. Bibi aliuona, akajifunika uso kwa kanga.

Mdogo wangu alikua salama. Kibanja kilichukua misimu kadhaa kusafika, baba na ndugu yake wakipalilia pamoja.

Leo najua kwamba mzizi wa lumbugu hautambui mpaka, na anayepalilia peke yake huku jirani ameacha anajisumbua bure. Lakini nikiwakumbuka wale wanaume wawili, wamepiga magoti, kila mmoja ameshika upande wake na anaogopa kuvuta, mwili bado hunisisimka. Nadhani Bibi alijua ninachokijua mimi, ila yeye alikijua kwa kuwatazama wanawe.