Foleni ya Maji Ukutani

Nilipoolewa na kuletwa Temeke, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia kwisha, nilidhani nitazoea kukaa. Sikuzoea. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Akishaondoka alfajiri, mie nilibaki na chumba kimoja, ua wa makuti na siku nzima mbele yangu. Nilifagia palipokwisha fagiwa. Nilisuka ukili wa mkeka, nikaufumua, nikausuka tena kwa kuwa rangi hazikunipendeza. Majirani walikuwa wakisema kigoda kinaniunguza.

Kitu kilichonituliza kidogo ni hina. Mama yangu alinifundisha kuwachora maharusi tangu sijavunja ungo, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Lakini arusi haziji kila siku. Siku zisizo na arusi nilichovya kijiti kwenye masizi ya sufuria nikachora ukutani kwangu: kuku, baiskeli, mama anayekuna nazi. Nikimaliza ukuta mmoja, naufuta na kuanza upya.

Mtaani kwetu palikuwa na chama cha lelemama, ile ngoma yetu ya wanawake. Kiongozi wake tulimwita malkia. Alikuwa mama wa makamo, mwuza vitumbua, sauti yake ikisikika mitaa mitatu. Chama kilipanga nyumba ya mazoezi ambayo ukuta wake wa mbele ulitazama barabara. Siku moja ikaja habari kwamba mahasimu wetu wa Kinondoni wamechora meli kubwa kwenye ukuta wao, na watu wanatoka mbali kwenda kuitazama.

"Meli!" malkia alifoka. "Watu ambao hata mtumbwi hawajapanda! Na sie tutachora. Tena tutachora simba."

Akaitwa mchoraji. Alikuwa mtu wa Songea, Mkristo, mpole wa maneno, aliyekuwa akizunguka na makopo yake ya rangi akiwaandikia vibao vinyozi na mafundi cherehani. Wanachama tulikusanyika kumtazama akifanya kazi. Simba akatokea polepole, na kadiri alivyotokea ndivyo nilivyoshindwa kunyamaza.

"Kaka," nikamwambia, "huyo simba anaumwa?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye akageuka bila hasira. "Simba mwenyewe sijapata kumwona, dada. Nachora kwa kusikia."

"Kwa nini basi usichore unachokiona?"

"Hapa naona nini?" Akaelekeza burashi ng'ambo ya barabara. "Naona foleni ya bomba."

Bomba lilikuwa moja kwa mtaa mzima, na maji yalitoka yalipotaka. Wanawake walipanga madebe tangu asubuhi, wakakaa juani, wakagombana, wakapatana, wakanyonyesha watoto palepale. Sikuwa nimewahi kuitazama foleni ile kama kitu cha kuchorwa. Nilipoitazama safari hii, mkono ulianza kuniwasha.

"Ichore hiyo," nikasema.

"Ichore wewe," akanijibu, akaninyooshea burashi.

Malkia alinitazama, akamtazama simba, akasema, "Haya, mwanangu. Huyu mnyama hata sie tunamwonea huruma."

Tukampaka simba chokaa, tukaanza. Rangi za mafuta za mchoraji hazikutosha ukuta mzima, kwa hiyo nikaongeza zangu: masizi, udongo mwekundu, bluu ya kufulia. Yeye alichora nyumba, barabara na mistari iliyonyooka. Mie nilichora watu. Kila asubuhi niliamka roho juu, nikipika haraka haraka, nikiogopa mvua, nikiogopa kwamba jana sikuupata vizuri mkunjo wa kanga ya fulani. Nilikuwa nikipita mlangoni kwa chama hata siku zisizo za kazi, nione tu kama ukuta bado upo.

Watu walianza kujitambua. Jirani yangu mmoja alijiona kashika kiuno, mdomo wazi, akigombea zamu. Akaja amewaka. "Umenichora kama kichaa!" Nikamwahidi nitambadilisha. Kesho yake nilimkuta amesimama kando ya picha yake, amevaa kanga ileile, akiwaonyesha wapita njia.

Umbeya nao haukukosa. Mke wa mtu kutwa nzima ukutani na mwanamume wa bara! Mume wangu alisikia bandarini. Jumapili akaja mwenyewe, akasimama mbele ya ukuta mikono nyuma. Mchoraji akaweka burashi chini.

"Huyu ni mama wa nyumba ya pili," mume wangu alisema. "Na hili debe lake linalovuja." Akasogea, akatazama tena. "Mie niko wapi?"

"Umewahi kuteka maji?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. Akamshika mchoraji bega, wakaenda kunywa kahawa. Maneno ya umbeya yakaishia hapo.

Ukuta ulipomalizika watu walikuja kutoka Ilala, Kariakoo, hata Chamazi. Halafu akaja Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, akifuatana na jumbe wa mtaa. Alishuka garini, akatazama watu waliochorwa, kisha akatazama bomba lenyewe ng'ambo ya barabara, kavu, na watu walewale wamekaa.

"Hii nini?" akauliza kwa Kiswahili chake.

"Foleni ya maji, bwana," malkia alijibu. "Hiyo ya ukutani, na ile pale."

Akapanda gari, wakaondoka. Baadaye jumbe alirudi peke yake, uso umemshuka. Alisema ni amri: ukuta upakwe chokaa. Usipopakwa, yule mtu wa bara atakamatwa kwa kukaa mjini bila kazi maalumu, apakiwe kwenye gari arudishwe kwao.

"Sipaki," malkia alisema. "Waje wapake wenyewe."

Mchoraji naye akatuambia, "Msipake kwa ajili yangu." Lakini nilimwona akifunga makopo yake yote, hata lile tulilokuwa tukilitumia. Mkewe alikuwa na mimba kubwa; safari ndefu ya kurudishwa Songea ingemuumiza yeye na mtoto.

Nilitoka nikatembea. Nilikwenda mpaka njia ya Pugu nikarudi, nikaizunguka nyumba yangu, nikakaa, nikasimama. Nilikuwa na hasira na Mzungu, na jumbe, na malkia aliyeona rahisi kusema sipaki. Mwisho nikachukua ndoo, nikakoroga chokaa, nikaenda. Nilianza na wale wa nyuma ya foleni. Nilipofika kwa jirani yangu aliyeshika kiuno, alikuwa amesimama kando yangu, analia.

"Nipake haraka," aliniambia.

Malkia alikuja, akaona, akageuka akaenda zake. Hakunisemesha wiki ile yote. Mchoraji hakusubiri jumbe abadili mawazo. Alimchukua mkewe na makopo yake wakaondoka kwa njia ya Ubungo, kwenda Morogoro, ambako alikuwa na ndugu. Tulipata salamu baadaye kwamba mkewe amejifungua salama.

Mie nilikuwa katika hali mbaya kuliko nilivyokuwa kabla. Hina ilinichosha, ukili ulinichosha. Ndipo malkia akabisha hodi, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikukasirikia, nikafikiri, hasira ikaisha. Ukuta wameuchukua. Mwili je? Wataupaka chokaa nao?"

Siku ya mashindano yetu ya ngoma na wale mahasimu, tulitoka Temeke kwa miguu mpaka Kinondoni, kila mmoja na debe tupu kichwani. Uwanjani hatukuanza kwa kuimba. Tulipanga madebe chini, tukasimama nyuma yake kimya, kama nilivyotuchora: huyu kashika kiuno, huyu kabeba mtoto, huyu anachungulia mbele. Watu walisita kidogo, kisha uwanja mzima ukapasuka kwa vigelegele. Walikuwa wameelewa. Kinondoni nako bomba lilikuwa moja. Tulipoanza kuyapiga yale madebe, nami nisiyejua kucheza nilicheza.

Nani alishinda, mpaka leo hawapatani. Kila upande una jibu lake. Bomba la pili Temeke lilikuja, ila tulikuwa tumeshahama, na siwezi kusema lililetwa na nini.

Baada ya mashindano yale, malkia wa Kinondoni alituma mtu. Meli yao ilikuwa imebanduka kwa mvua, na alitaka nikawachoree ukuta. Nilikwenda kuomba ruhusa kwa malkia wetu, nikitarajia matusi. Aligeuza vitumbua vyake kwanza.

"Nenda," akasema. "Nikikukataza utanizungukia hapa kama kuku anayetaka kutaga. Lakini usiwachoree kizuri kuliko chetu."

Nilikwenda na masizi yangu, udongo wangu na bluu yangu ya kufulia. Wanawake wa Kinondoni walikuwa wamejipanga barazani, wote wakisema kwa pamoja wanachotaka. Ukuta wao ulikuwa mrefu, na jua halijawa kali. Nikavua viatu, nikaanza upande wa mlango.