Siku Nilivuruga Jus ya Bokilo

Mujukuu wangu mwanamuke alipata muchumba, Mbelgiji, kijana mupole wa masikio kubwa. Bon, masikio si kosa yake, alitoa kwa baba. Na huyo baba njo bokilo wetu, mukwe wa famille nzima: alikuwa anaendesha tram, sasa iko mu pension ku Ganshoren, hapa Bruxelles, kwenye hata imbwa inabweka na adabu. Bibi yake, mama ya kijana, alikufa. Amebaki na kazi moja, kupika pombe mu garage, kuanzia mbegu mpaka chupa.

Ku dot, siku ya mahari, sisi batu ya Kivu, upande wa kijana njo banaleta pombe. Bokilo akasema yeye hataleta casier za magazini, zile kreti za chupa, ataleta pombe ya mikono yake. Akatuletea chupa moja tuonje. Kaka yangu mukubwa, mwenye anasemaka kwa ajili ya famille, hafunguake kinywa mbele ya kusafisha koo. Akainua kilasi ku dirisha. "Hm-hm! Bokilo, hii ni pombe ao ni maji ya kuoshea mihogo? Siku ya dot nataka kuona vidole vyangu ngambo ya kilasi. Hm-hm! Bila ile, mununue casier kama batu yote."

Huyo huyo kaka, kule kwetu alinyonyaka pombe ya mutama na murija, nzito kama uji, machicha inamubakia mu ndevu! Lakini Bruxelles imemufanya monsieur.

Nikamutafsiria bokilo. Alikuwa anakunja kofia yake mara na mara. Akasema mu français, sauti ya chini: "Mi sina kitu ingine ya kuletea mutoto wangu yenye nimefanya mi mwenyewe." Dot ilibakia quatre semaines, juma ine. Pombe yake inaomba trois, juma tatu. Donc alibaki na nafasi moja tu ya kupika.

Nikamuambia: "Usiogope, papa. Nitakuya kukusaidia. Mi nilipikia batu pombe mbele wewe uzaliwe." Uongo mutupu, tuko miaka sawa.

Asubui ya jumamosi nikapanda bus, mwiko yangu ya ugali ndani ya sac.

Ile garage ilikuwa na harufu ya mukate haiyaiva. Alikuwa amevunja-vunja malt, ni orge, ndugu ya ngano, banaiacha inaota kisha banaikausha. Akailoweka mu maji ya moto saa nzima ndani ya pipa ya chuma. Chini ya pipa kuko sahani ya matundu, na robinet, bomba ndogo ya kufungulia. Akafungua robinet kidogo tu. Tii, tii, tii. Jus ya kwanza, ile maji tamu ya malt, ikatoka chafu. Akaipokea mu pichet, jagi ya kilasi, akairudisha juu ya machicha, polepole, kupitia sahani ndogo, ili isichimbe shimo.

"Maman, machicha njo chujio yenyewe," akanifundisha, mudomo yake mbele kama muntu anapuliza chai. "Doucement, hein! Tunaiacha ilale. Muntu asiiguse. Jus ikitoka safi, na pombe itatoka safi."

Asiiguse! Nikacheka ndani ya tumbo. Kwetu pombe unaikoroga mpaka mabega inaomba huruma, kisha unakamua machicha mpaka tone ya mwisho. Mwanamuke mwenye kuacha utamu ndani ya machicha, bakwe banamuita muvivu.

Simu ikalia kule juu, alikuwa kijana wake. Bokilo akapanda. Jus ilikuwa imeanza kutakata. Mi nikaangalia ile machicha, imevimba, imejaa utamu, inalala bure. Mukono yangu haikuniomba ruhusa. Nikaingiza mwiko mpaka chini, nikasonga kama ugali ya harusi, nikakandamiza ku ubavu ya pipa. Nilikuwa hata naimba.

Bokilo akashuka, akanikuta na mwiko juu. Ku robinet kulikuwa kunatoka kitu kama mutoni nyuma ya mvula.

Hakupiga kelele. Alikaa tu juu ya casier tupu, akasema: "Ah, maman."

Mi naigaka batu yote, mapadri, badaktari, hata marehemu bwana yangu akikoroma. Ile sauti sijaiiga hata siku moja.

"Imekufa?" nikauliza.

"Sijui. Ilale tena, kisha tuanze upya. Itakula wakati mingi."

"Alors, nipe kiti."

Akafunga robinet. Tukangojea, machicha ishuke tena mahali yake. Kisha akafungua kidogo sana, uzi ya jus, mwembamba kama ya kushonea kifungo. Pichet ikijaa, yeye ananipa, mi namwaga juu ya sahani ndogo, pole, pole. Pichet ingine. Ingine. Mvuke inapanda, inanilamba uso. Nilikuwa kama muntu analala macho wazi. Ule mvuke ulifuta ukuta ya garage. Nikasikia kama mama yangu iko nyuma yangu, anapepeta mutama, shaa, shaa, na anakatala kunigeukia. Kumbe ilikuwa gari inapita ku barabara yenye maji. Mikono yangu ilikuwa inamwaga tu. Sijui ilikuwa saa sita ao mangaribi.

Kila mara bokilo alikuwa anainua pichet ku kidirisha. Kwanza maji ya mihogo, ile ya kaka. Kisha chai ya maziwa. Kisha chai yenye maziwa inakuwa haba. Hapo nikasimama upande ingine, nikaweka mukono yangu nyuma ya pichet, na nikaiona, maman wee, mukono nzima, rangi ya asali, na kucha yenye nilivunja ku mulango, na mushipa. Ilikuwa kama mukono ya mutoto muchanga. Tukaiangalia sisi wawili, hakuna mwenye alisogea.

"Voilà," akasema, polepole sana.

Siku ya dot, ku salle ya sherehe kule Ixelles, kaka akainua kilasi ku taa. "Hm-hm!" Akahesabu vidole, kimoja kimoja, bila haraka, famille zote mbili zinamuangalia. Akakunywa. Akajipangusa ndevu. "Hm-hm! Bon. Waambieni, tumeipokea. Na niongezwe."

Bokilo hasikiake Swahili. Akaniinamia, masikio yake nyekundu: "Maman, anasema nini?"

"Anasema muende mukunywe wenyewe, mununue casier."

Sura yake ikaisha damu yote. Nikamuacha hivyo, pumuzi moja, mbili. Kisha nikamupigia kigelegele ndani ya sikio, ile kubwa.