Mtungi wa Maji ya Mama

Jana gari la jirani lilichemka langoni kwetu Kitengela, na ile harufu ya mvuke na kutu ikaingia hadi jikoni. Nilizima jiko nikasimama tu.

Gari la baba lilikuwa kuukuu hata wakati huo, nilipokuwa mtoto. Lilichemka tukitoka Namanga, mama akiwa amelala kiti cha nyuma na homa. Baba alifungua boneti, akaniambia, "Wacha ipoe yenyewe. Usiguse." Akaenda kwa boma la karibu kuomba maji ya rejeta.

Nilisikia mama akihema, nikaona tunachelewa kufika hospitali. Nilichukua mtungi mdogo wa maji yake ya kunywa, nikamwagia injini yote. Ilitoa mlio mmoja, kama kikombe kikigongwa, na maji yakakauka.

Baba aliporudi alijaza rejeta, akawasha, kisha akazima. Kijiti cha kupimia oili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa; maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

"Injini imepasuka," alisema. Akaona mtungi mtupu. "Maji ya mama yako iko wapi?"



"Nimemaliza mimi," mama alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.