Mtu Wetu Kule Uingereza

Baba yangu, Jotham Situma, ni mkulima wa mahindi hapa eneo la Kwanza, Kenya, na hajawahi kumwacha mtu wa nyumba yake ajichagulie chama. Uchaguzi ukikaribia hutusomea gazeti, hutufungulia redio, kisha hutuambia mtu wetu ni nani. Tabia hiyo imenikera tangu nipate kitambulisho, na bado kila mara nimempigia kura mtu wake.

Dada yangu Edah hutunza wazee kule Leeds. Kwa kuwa Kenya iko katika Jumuiya ya Madola, sheria ya Uingereza ilimruhusu kupiga kura mwaka wa 2024. Baba alifurahi kama aliyeongezewa shamba. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Edah alipiga simu, tukaiweka mezani tusikie sote.

“Mtu wetu huko ni nani?” baba aliuliza.

“Baba, huku hakuna mtu wetu. Vyama vikubwa vyote vinaahidi kupunguza wageni kama mimi.”

“Ati nini? Na magazeti je?”

“Yanasema wageni tumejaa, tunawamalizia hospitali. Yule mama mzee ninayemwosha haoni vizuri, kwa hivyo mimi ndiye humsomea magazeti hayo kila asubuhi. Nikimaliza, ananiambia asante.”

Nilimtazama baba nikingoja amri yake, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani awe nayo.

“Basi,” alisema kwa sauti ya chini, “mpigie kura yule asiyekuchukia sana kama wenzake.”