Mama wa Viatu

Kinyozi huyu wateja walimwita Mzee Kanda, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na redio ya kaseti iliyofungwa mpira ili mlango wake usifunguke. Humo hukusikia wimbo wa studio hata siku moja. Yeye alitaka muziki wa jukwaani, wenye watu ndani yake.

"Mzee, nyimbo zako makelele matupu," Spana, fundi baiskeli wa jirani, alimchokoza kila alipokuja kunyolewa ndevu. "Huyu anakohoa, yule anaburuta kiti. Weka kitu kisafi, bwana."

"Studio mtu anaimbia ukuta," Mzee Kanda alimjibu huku akimpaka povu. "Ukuta haumcheki mtu. Msikilize huyu wa tarumbeta, hapa kaingia mapema. Umewasikia wanavyomcheka? Sasa ngoja apulize kwa hasira! Hasira hiyo studio utaipata wapi?"

Spana aliujua ubishi huo wote. Aliuanzisha makusudi, asogeze muda wafike pale alipopapenda.

Maana kanda ile ilirekodiwa ukumbini, mke wa kinyozi akiwa ameipakata redio hiyohiyo mapajani, enzi za ujana wao. Kabla ya wimbo wa mwisho, wapiga magitaa wakikaza nyuzi, sauti ya mwanamke ilisikika karibu kabisa, kama yuko nyuma ya kiti: "Wewe bwana, viatu vinaniua. Tucheze huu mmoja twende." Sauti ya kijana ikajibu, "Vivue, nitavibeba." Mwanamke akaangua kicheko, na ngoma zikaanza kicheko hakijaisha.

Kanda ikifika hapo, Mzee Kanda aliinua wembe kutoka shavuni mwa mteja akasubiri. Mkewe aseme, acheke, ndipo wembe urudi. Hata mkewe alipokuwa hai alifanya hivyo. Mkewe mwenyewe akiingia na chupa ya chai, aliguna: "Utakuja kumkata mtu sikio kwa ajili ya viatu vilivyokwisha kutupwa." Sasa alikuwa kaburini. Picha zake zilikuwepo nyumbani ukutani, lakini sauti ilibaki hapo tu, katikati ya nyimbo mbili.

Basi redio ikaanza kuila kanda, utepe ukinasa ndani. Binti yao, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za vipindi katika kituo cha redio, alipokuja kumwona baba yake alisikitika. "Nipe mimi, baba. Nitaihamishia kwenye spika ndogo, haitaliwa tena." Mzee akaitoa, akaifuta vumbi kwa aproni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Binti aliporudi, Spana alikuwa kitini, povu mpaka masikioni.

"Sikia, baba. Takataka zote nimetoa!"

Muziki ulitoka laini, besi nene, kila gitaa mahali pake. Yule wa tarumbeta akaingia mapema, na hakuna aliyemcheka. Akapuliza kwa hasira, hasira isiyo na sababu. Wimbo ukaisha, Mzee Kanda akainua wembe. Kimya kifupi, mtu hajamaliza kupumua, ngoma zikaanza.

"Nzuri, baba?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri sana." Lakini wembe haukushuka.

Spana akageuka na povu lake. "Na mama wa viatu kaenda wapi?"

"Mama yupi?"

"Jamani! Si mama yako, dada! Pale anapolalamika viatu."

Binti akamtazama baba yake. Redio ile haikuwahi kutoka kibandani tangu azaliwe, na yeye alilelewa akijua kwamba kwa kinyozi ni baraza la wanaume. Hakuwahi kuisikia.

"Nilikata kwa macho," akasema polepole. "Kazini maneno yanaonekana kwenye kioo cha mashine. Unayaona yalipo, unayakata, unasonga mbele. Sikusikiliza, baba."

"Na kanda yenyewe?"

"Ilikatikakatika mwishoni. Nikaona sasa ya nini, nikaitupa." Akafunika mdomo. "Na kule kazini wanafuta kila kitu tukimaliza."

Spana alijifuta povu kwa kiganja, akajuta kuwa na mdomo.

"Hukujua," Mzee Kanda alisema. "Usilie. Hukujua."

"Alisemaje?"

Spana akafungua kinywa. "Wewe nyamaza," mzee akamwambia, akaweka wembe chini. Akakohoa, akajaribu mwenyewe: "Wewe bwana, viatu vinaniua. Tucheze huu mmoja twende." Yalitoka kwa sauti yake, kavu, ya mzee anayesoma tangazo. Akafika kwenye kicheko, akashindwa.

"Maneno ndiyo hayo," akasema. "Mama yako siyo huyo."

Spika ile bado inapigwa kibandani, kwa sababu binti hupiga simu kuuliza kama inafanya kazi vizuri. Wimbo ukiisha, wembe huinuka. Wateja wageni hudhani mzee ameona kitu shavuni mwao, wakauliza, "Kuna nini?"

"Tulia kidogo," huwajibu, mkono ukiwa hewani, hata ngoma zikiwa zimeshaanza.