Mwenyeji wa Shangazi

Shangazi alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka yote hiyo hakuna faili lililopita mikononi mwake bila kufunguliwa. Ukimuuliza, atakwambia alikuwa anakagua kama kurasa zimepangwa. Uongo mtupu. Alikuwa anasoma. Alijua nani kaongeza umri ili apate kazi na nani kaupunguza ili asistaafishwe, na yote hayo aliyafungia kifuani, maana kwake kutaka kujua ni jambo moja na kusema ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo ilipofika barua ya kumposa binti wa kaka yake, kaka hakuhangaika kutafuta mtu wa kumtuma.

"Nenda kanisani kwao Jumapili," alimwambia. "Usiseme wewe ni nani. Kaa, tazama, urudi uniambie. Mimi nitajibu kwa neno lako."

Barua ilikuwa imeandikwa na baba mdogo wa kijana. Ilisema baba mzazi ni fundi mwashi na mzee wa kanisa. Kaka alilipenda hilo la pili, akalisoma mara tatu kwa sauti. Yeye ni mtu wa ibada na hana dogo. Kwake familia yenye kashfa haikanyagi mlango. Binti alimsindikiza shangazi yake hadi barabarani, akambebea mkoba.

"Shangazi, usiwachimbe sana."

"Kwani mimi nachimba?"

"Shangazi!"

Wakacheka wote wawili, ila binti aliacha kucheka mapema. Alikuwa anampenda yule kijana, jamani, hata kipofu angeona.

Kanisa lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, madirisha hayana vioo, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Shangazi alifika wimbo wa kwanza umeshaanza. Akajipenyeza hadi benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuona bila kuonekana. Alikuwepo mwanamume mmoja tu, amekaa mwisho kabisa upande wa ukuta. Mama mpokea wageni akamfuata mbiombio.

"Mama, sogea mbele, kuna nafasi."

"Hapa pananitosha, mwanangu."

"Lakini hapo... hapo si pazuri."

"Napata hewa. Usihangaike."

Yule mama akamtazama, akamtazama na mwanamume, akaondoka anajikuna shingo. Shangazi akaona ni heshima za wageni tu. Ila kuna kitu hakikumkaa sawa. Benchi hili lilikuwa la watu sita na wamekaa wawili, na huko mbele watu wamebanana, wengine wameegesha kalio moja. Tena kila baada ya muda kichwa kilikuwa kinageuka, kinamwibia jicho, kinarudi. Alikagua gauni lake. Halikuwa na kasoro.

Akaachana nao, akaanza kazi iliyomleta. Wazee wa kanisa walikuwa wanne, wamekaa pembeni ya mimbari. Aliwachambua mmoja mmoja, na hakuanzia usoni, alianzia mikononi. Wa kwanza vidole laini, huyo mwalimu. Wa pili na wa tatu ni wakulima, hakuna ubishi. Wa nne alikuwa amevaa saa kubwa kuliko mkono wenyewe. Fundi mwashi yuko wapi? Kaugua? Kasafiri?

Kikaja wimbo asioujua. Jirani yake akamsogezea kitabu, ameshaufungua ukurasa. Yeye mwenyewe aliimba beti zote kwa kichwa. Shangazi akauona ule mkono. Ulikuwa umepasukapasuka kwa saruji, na weupe umejikalia chini ya kucha. Fundi mwashi huyu hapa.

Wakati wa meza ya Bwana watu walianza kwenda mbele, benchi kwa benchi. Mwanamume hakutikisika. Shangazi naye akabaki. Udadisi ulimshinda, Mungu amsamehe.

"Kaka, wewe huendi?" akanong'ona.

"Sisi wa benchi hili hatuendi, dada."

"Sisi akina nani?"

"Tuliotengwa." Akatabasamu kidogo. "Yule mama alikuwa anajaribu kukuokoa."

Shangazi alikosa pa kuficha uso. Kumbe asubuhi nzima kanisa zima linajiuliza mama huyu mgeni amezini na nani! Mtu mwingine angetafuta mlango. Yeye akasogea karibu.

"Ulifanya nini?"

Fundi akamtazama, labda kwa kuwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza hivyo uso kwa uso.

"Kulikuwa na kijana akinichanganyia udongo, miaka sita. Akajitoa uhai. Kanisa likasema mtu wa namna hiyo haombewi. Mama yake alikaa na maiti siku mbili, hajui aanzie wapi. Nikachimba kaburi, nikafungua kitabu, nikasoma sala zote, hata zile ndefu."

"Na wewe ukiwa mzee wa kanisa," likamponyoka Shangazi.

"Wakanivua. Huu mwezi wa tisa."

"Na kurudi kundini?"

"Kurudi ni rahisi. Nisimame pale mbele, niseme nimekosa."

"Sasa kinakushinda nini?"

"Nikisema nimekosa, dada, nitakuwa nimemfukua."

Kwaya iliendelea kuimba. Fundi akasugua viganja vyake kwenye magoti.

"Mimi nimeshazoea. Kinachoniuma ni mwanangu anataka kuoa, na mdogo wangu amewaandikia wenyewe kwamba mimi bado mzee wa kanisa. Nimejua barua imeshaondoka. Wiki hii naenda kuwaambia mwenyewe. Wakighairi, waghairi."

Shangazi alimjua kaka yake: akisikia neno kutengwa, hatasubiri kusikia sababu. Na alikumbuka kwamba naye, akiwa msichana, alishawahi kuchunguzwa hivi hivi. Mama mmoja alikuja nyumbani kwao, akanywa maji, akauliza mawili matatu, akaondoka. Na mchumba hakuonekana tena. Neno gani lilipelekwa kwa kina mchumba, hajui hadi leo. Bado linamuuma, miaka arobaini baadaye.

Yakafika matangazo. Katibu wa kanisa akafungua daftari lake.

"Wageni wasimame tuwafahamu."

Shangazi akasimama peke yake. Akataja jina, akataja anakotoka.

"Karibu sana. Na mwenyeji wako?"

Angeweza kusema hana. Ndivyo alivyoagizwa, na kusema lilikuwa jambo asilolizoea. Lakini mdomo ulimtangulia.

"Mwenyeji wangu ni huyu kaka niliyekaa naye. Binti yetu anaolewa na mwanawe. Nimekuja kuwaona wakwe zangu."

Vichwa vyote vikageuka, safari hii bila kuibia. Fundi aliinamisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Basi, limeshasemwa. Kaka atafoka, na afoke. Si alisema atajibu kwa neno lake? Neno lenyewe ndilo hilo.

Katibu alikuwa ameshika kalamu, haishuki. Tangu fundi atengwe, jina lake halikuwa limetajwa humo ndani, si kwenye maombi, si kwenye zamu za usafi.

"Mwenyeji," akasema taratibu, "anaitwa nani?"

Alikuwa anamuuliza nani jina analolijua, na ukuta uliokuwa nyuma yake ulipigwa lipu na mtu huyo huyo? Shangazi alilijua, lilikuwa kwenye barua. Hilo halikuwa lake kulisema.

Fundi akashika mgongo wa benchi la mbele, akasimama. Akataja jina lake na jina la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu mahudhurio. Katibu akaandika.